Bass Wembamba wa Bwawa la Amzi

Verlene Tolbert alijaliwa sauti isiyohitaji simu. Miaka yote aliyokuwa mpishi wa shule pale Shiloh, Alabama, hakupiga kengele ya chakula hata mara moja. Alisimama mlangoni, akafungua kinywa, na hata waliojificha nyuma ya ghala walikuja mbio. Alifiwa na mume mapema, watoto hakupata, na alipostaafu hakuna aliyemwonea huruma, maana hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa na nyumba ya mbao, bustani ya mboga, nafasi yake ya mbele katika kwaya ya kanisa, na bwawa la baba yake.

Bwawa hilo lilikuwa mali ya watoto watatu wa marehemu Amzi Tolbert, halijagawanywa, kama ilivyokuwa ardhi yote iliyolizunguka. Mkubwa alikuwa Cleophus, shemasi, mtu wa kufunga tai hata siku ya Jumanne. Wa kati Verlene. Kitinda mimba Hosea, aliyekwenda Detroit angali kijana kuunda magari, na kila Agosti alirudi na gari jipya na maneno mengi. Amzi alilichimba bwawa hilo kwa nyumbu wawili na sururu, akaziba bonde kwa tuta la udongo mwekundu, akatia samaki wa aina mbili. Kuna brimu, yule wa mviringo anayejaa kiganja, na kuna bass, mwenye mdomo wa kumeza kikombe. Brimu ni wa kukaanga, bass ni wa kujivunia. Kisha akaweka sheria moja tu: bass wa bwawa hili haendi nyumbani na mtu. Ukimnasa, mtazame, piga naye picha ukipenda, halafu mrudishe majini.

Na walimrudisha. Amzi alipokufa, sheria ikageuka ibada. Kila Agosti ukoo ulipokusanyika, aliyenasa bass alimshusha majini kwa mikono miwili na kusema, "Mwambie Amzi tumefika." Watoto walifundishwa maneno hayo kabla ya kufundishwa kusoma. Hapajawahi kuwa na ukoo uliowaheshimu samaki kama ule, wala samaki walioipokea heshima vibaya kama wale.

Aibu yenyewe ilitoka hadharani Agosti moja, meza zikiwa zimetandikwa chini ya misedari na mafuta yakichemka kwenye sufuria nyeusi. Hosea alinasa bass, akamwinua mbele ya watu wote. Samaki alikuwa kichwa tu. Nyuma ya kichwa mwili ulining'inia kama soksi.

"Jamani, huyu ana kichwa cha babu na tumbo la kitukuu!" Hosea akapaza sauti. "Kaka Cleophus, hebu mwombee kabla njaa haijammaliza."

Watu wakaangua kicheko. Verlene hakucheka. Bass wa pili akatoka vile vile, na wa tatu, na wa nne, wote urefu mmoja, wote wembamba, kama ndugu waliolala na njaa kitanda kimoja. Brimu hawakuonekana, ila wazee wawili watatu wakubwa kama sahani. Na samaki waliokuwa wakikaangwa sufuriani siku ile walitoka dukani. Kila mtu alijua, na kila mtu alikula akitazama pembeni.

Walipomaliza pai ya viazi vitamu, Hosea akasimama, akajifuta mdomo.

"Tuseme ukweli. Hili bwawa limekufa. Tupasue tuta, maji yaende zake, tupande misonobari. Misonobari haidai kitu. Unaipanda, unaisahau."

"Upasue tuta la baba?" Verlene akauliza.

"Baba amelala, dada. Hapa pamebaki nyumba ya mbu."

"Mbu wa hapa wamekulea, Hosea. Wamekunywa damu yako kabla ya huko Detroit kuikausha."

Kicheko kikazuka tena, lakini Verlene alikuwa akihesabu. Watoto wa Amzi walikuwa watatu, na kura mbili zinaishinda moja. Macho yote yakamgeukia Cleophus. Shemasi akanywa chai yake ya baridi polepole, kama mtu anayesikiliza kesi.

"Agosti mbili," akasema hatimaye. "Verlene akilifufua, tuta libaki. Akishindwa, nitasimama na Hosea. Lakini sheria ya baba haiguswi."

"Nimekubali," Verlene akasema, bila kujua alichokubali.

Wiki ile ile alimwita bwana samaki wa kaunti, Lucius Dunaway, kijana mpole aliyesomea mambo ya mabwawa chuoni na aliyekuwa na viatu vya mpira virefu mpaka kiunoni. Dunaway alivuta juya lake, wavu mrefu wa kukokota, ukingoni, kwenye maji ya kina kifupi, akalifungua juu ya majani. Alitegemea kukuta vifaranga wa brimu wamejaa kama mchele uliomwagika. Alikuta kaa mmoja wa matope, matawi, na bass watano wembamba.

"Bi Verlene," akasema, "ulifikiri bwawa hili lina samaki wachache mno?"

"Wewe huoni? Hakuna kitu humu."

"Wapo wengi mno. Bass wamefurika. Kila brimu anayezaliwa analiwa kabla hajajua kuogelea, kwa hiyo hakuna chakula, kwa hiyo hakuna bass anayekua. Meza moja, walaji mia. Itabidi uwatoe."

"Niwatoe niwapeleke wapi?"

"Kwenye mafuta. Wote wasiofika urefu wa mkono wako, kuanzia kiwiko mpaka vifundo vya vidole. Usimrudishe hata mmoja. Ukifanya hivyo, halafu ukatia chokaa na mbolea maji yapate rangi, brimu watazaana, na bass watakaobaki watanenepa mpaka washangae wenyewe."

Verlene alishika kiuno. "Mwanangu, unajua unaongea na nani? Baba yangu alisema bass haondoki hapa. Watu wamezikwa wakiwa wameshika sheria hiyo."

"Kwa nini alisema hivyo?"

Umri wote wa Verlene, hakuna aliyewahi kuuliza. Sheria ilikuwa sheria, kama kuvua kofia kanisani. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafikiri, na polepole jambo likamjia ambalo alikuwa amelifungia mbali. Alikuwa mtoto mdogo. Bwawa lilikuwa jipya, na Shiloh nzima ilikuja kuvua bass, wakapeleka nyumbani magunia kwa magunia, mama yake akiwakaanga asubuhi na jioni. Miaka michache baadaye wakabaki brimu peke yao, wengi kupita kiasi, wadogo kama masikio ya paka, miiba mitupu, mpaka siku moja mama yake akatupa kikaango uani na kusema hakaangi tena takataka ile. Hapo ndipo Amzi alipoweka sheria.

Alimsimulia Dunaway yote hayo. Kijana akatabasamu.

"Basi mzee alikuwa sahihi kabisa. Bass walikuwa wamekwisha, hakuna wa kuwapunguza brimu, akawalinda. Alitoa dawa na bwawa likapona. Tatizo ni kwamba mgonjwa alipona, na nyinyi mmeendelea kumnywesha."

Jioni hiyo Verlene alikwenda kwa Cleophus. Alimkuta barazani akimenya karanga za kuchemsha, tai ikiwa imelegezwa kidogo kwa heshima ya joto.

"Kaka, sheria ya baba ndiyo inayoliua bwawa la baba."

"Rudia."

Akarudia, na akaeleza yote, juya, vifaranga wasiokuwepo, kikaango cha mama. Cleophus aliendelea kumenya.

"Yule kijana wa viatu vya mpira ndiye aliyekufundisha haya?"

"Amenifundisha kuhesabu. Kukumbuka nimekumbuka mwenyewe. Baba angekuwa hai, angeibadilisha kwa mkono wake."

"Baba angekuwa hai, angekuchapa."

"Angenichapa, halafu angekwenda kulitazama bwawa, halafu angekuja kuniomba radhi."

"Amzi Tolbert hajaomba radhi kwa mtu tangu azaliwe."

"Basi angeniachia kapu la pichi mlangoni na kujifanya hajui limetoka wapi. Usijifanye huzijui pichi za baba, kaka. Wewe ulikula nyingi kuliko mimi."

Mdomo wa Cleophus ulitaka kucheka, akaubana. Alikung'uta maganda kutoka mapajani, akasimama.

"Mimi nilikuwa kando ya kitanda chake siku ya mwisho, Verlene. Alinishika mkono akaniambia nitunze bwawa. Ukimtoa bass mmoja, Agosti ya pili nitasimama na Hosea hata kama samaki watakuwa wanaruka mpaka mezani. Afadhali lipasuke likiwa la baba kuliko libaki likiwa la Dunaway."

Verlene alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alilia kwa hasira. Akitii, bwawa linakufa. Asipotii, linapasuliwa. Alipofika mlangoni alikuwa amekata shauri. Alikuwa na karibu miaka miwili, na alimjua kaka yake kuliko alivyojijua: Cleophus alikuwa mkaidi, lakini hakuwa kipofu. Akapiga moyo konde.

Hakufanya kwa kificho. Jumapili, baada ya matangazo ya wagonjwa, alisimama kwenye kwaya, Cleophus akiwa kiti cha mashemasi hatua chache mbele yake.

"Jumamosi, bwawani kwetu, kila mtu aje na fimbo ya kuvulia na ndoo. Tunawatoa bass wadogo. Atakayemrudisha mdogo majini, mimi nitamrudisha yeye."

Mchungaji akakohoa, akasema tuimbe.

Jumamosi walikuja wengi, nusu kwa ajili ya samaki, nusu kwa ajili ya kuona ndugu wakigombana. Kazi haikuwa rahisi, si kwa sababu bass hawakuuma ndoana. Waliuma kila kitu, hata ndoana tupu. Kazi ilikuwa mikono ya watu. Mtu alinasa bass, akakubali kabisa kwamba huyu ni wa ndoo, na kabla hajamaliza kukubali mikono ilikuwa imeshainama majini yenyewe na mdomo unasema, "Mwambie Amzi..." Verlene alizunguka tutani na mwiko wake wa shule.

"Odell! Umemwachia!"

"Ameteleza, Bi Verlene!"

"Ameteleza huku unampa salamu?"

Mwiko ukatua mgongoni, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na taratibu ndoo zikaanza kujaa. Cleophus alikuja naye. Alikaa kwenye kiti cha kukunja juu ya tuta, suti nzima, akiwapa watu kisogo. Verlene alimpelekea sahani ya bass waliokaangwa kwa unga wa mahindi, na mkate wa mahindi na pilipili ya chupa pembeni. Aliipokea kwa sababu alilelewa vizuri. Aliiweka magotini mpaka ikapoa, akaiacha kwenye kiti, akaenda zake.

Tangu siku hiyo hakumsemesha. Kanisani alimpita kama anapita nguzo. Siku ya kuzaliwa ya Verlene, ambayo hajawahi kuisahau tangu utotoni, aliisahau. Iliuma. Verlene aliimba kwa sauti kubwa zaidi kwenye kwaya ili isionekane kwamba inauma, na watu wote wa Shiloh wakaelewa.

Hakuacha. Walivua kila Jumamosi mpaka baridi ikawafukuza. Katikati ya baridi alimwaga chokaa kwa koleo kutoka kwenye mtumbwi wa bati, nyusi zake zikiwa nyeupe kama za mzimu. Majira ya joto yalipoanza akatia mbolea. Na kila asubuhi, kabla ya kahawa, alilala kifudifudi kwenye ubao wa gati, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatazama vidole. Dunaway ndiye aliyemfundisha: ukiona vidole, maji ni meupe mno, hayana chakula, vikipotea, mambo mazuri. Waliopita barabarani walipunguza mwendo.

"Bi Verlene, umepoteza pete?"

"Napima uji!"

"Maji yamekuwa kama mchuzi wa mboga za majani!"

"Hayo ndiyo maji, mjinga wee! Wewe mwenyewe umenenepa kwa mchuzi wa mboga!"

Agosti ya kwanza haikumpa kitu cha kujivunia. Vifaranga wa brimu walikuwepo, ukingo mzima ukichemka kwa vijisamaki, lakini vifaranga hawakaangwi. Bass walikuwa wamenenepa shingoni kidogo, basi. Hosea alitembea kandokando na mikono mfukoni.

"Dada, naona umepata rangi. Misonobari nayo ni ya kijani."

"Nina Agosti nyingine."

"Unayo. Nimeshaongea na mwenye tingatinga."

Cleophus alikuwa karibu, akasikia. Lakini Verlene aliona kitu kimoja. Kaka yake alikuwa ameinama ukingoni, suti na yote, anawatazama wale vifaranga. Aliwatazama kwa muda mrefu sana kwa mtu asiyejali.

Akarudi kazini. Mwaka ukapita kwa ndoo, mbolea na mkono majini, na Agosti ya pili ikafika.

Asubuhi hiyo Verlene hakuweza kula. Alikaanga mayai, akampa mbwa. Ukoo ulifika kutoka Mobile, Birmingham na Detroit, magari yakajaa mpaka barabarani. Alikuwa amekataza mtu yeyote kununua samaki. Sufuria ya mafuta ilikuwa motoni, unga wa mahindi tayari kwenye karai, na ndani ya karai hamkuwa na samaki hata mmoja. Kama bwawa halitatoa, ukoo mzima utakula kabichi na aibu, na tingatinga litapata kazi.

Wajukuu wakatangulia na chenene kwenye ndoana. Chelezo la kwanza likazama kabla halijatulia. Brimu! Wa kiganja, mgongo mweusi, tumbo la rangi ya machungwa. Chelezo la pili likazama, la tatu, na ghafla tuta zima likawa kelele, watoto wakipita mbio na samaki wakipigapiga, akina mama wakiparua magamba, mafuta yakaanza kuimba. Verlene alisimama kwenye sufuria akigeuza samaki wa baba yake, na machozi yakamtoka, akasingizia moshi.

Lakini kura haikuwa ya brimu. Alijua. Hosea naye alijua.

"Kitoweo kipo, dada, sikatai," Hosea akasema akila. "Lakini bwawa la Amzi ni bass. Yuko wapi?"

Hapo Cleophus akainuka. Alikwenda kwenye gari lake, akatoa fimbo, na watu wakaanza kutulia mmoja mmoja. Hakuwa ameshika fimbo bwawani pale tangu ugomvi uanze. Alishuka mpaka ukingoni, akarusha kuelekea kwenye kisiki kilichozama, mahali ambapo Amzi alipenda kurusha, akaanza kuvuta polepole.

Maji yakapasuka.

Fimbo ilipinda mpaka ncha ikagusa maji. Cleophus akarudi nyuma hatua moja, akavutwa mbele mbili. Bass akaruka, mdomo wazi, akijitingisha hewani, na kila mtu aliuona upana wa tumbo lile. Mtu akapiga ukelele. Samaki akarudi chini na kukimbilia kisikini.

"Usimpe kamba, kaka!" Verlene akapiga ile sauti yake, na mbwa wa jirani wakabweka. "Mlete kulia! Kulia!"

"Nyamaza, mwanamke, najua kulia!"

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu siku ile barazani. Shemasi akaingia majini na viatu vya kanisani, maji yakamfika magotini, kisha kiunoni, tai ikaelea mbele yake, naye hakuijali. Alizunguka na samaki, akamchosha, akachoshwa, mpaka akamtia kidole gumba mdomoni na kumwinua kwa mikono miwili. Samaki alikuwa mzito kama mtoto mchanga, mgongo mpana, tumbo limefura, kichwa sasa kimepata mwili wa kukibeba. Pale ukingoni wazee walisema hata Amzi mwenyewe hakuwahi kumtoa wa namna ile, na hakuna aliyewabishia.

Cleophus alimtazama samaki, akamtazama dada yake aliyekuwa ukingoni na mwiko mkononi.

"Amekula vizuri," akasema.

"Amekula, kaka."

"Nilikuwa najua tangu mwaka jana, Verlene. Niliwaona wale vifaranga. Sikujua niseme vipi."

"Umesema sasa."

Akamshusha bass mkubwa majini, taratibu, akamwacha aende akazae. Verlene akaingia majini na gauni lake la sherehe, wakakumbatiana pale katikati ya maji ya kijani, wazee wawili waliolowa, na ukoo mzima ukapiga makofi kama kanisani.

Kura haikupigwa. Ilipofika saa ya kupiga kura, Hosea hakuonekana mezani. Walimkuta upande wa pili wa tuta, amevua viatu vyake vya Detroit, suruali imekunjwa, anavua peke yake kwa fimbo aliyomnyang'anya mpwa wake. Alikuwa amenasa bass, mdogo, hafiki urefu wa kutoka kiwiko mpaka vifundo, na alikuwa ameinama kumshusha majini kwa mikono miwili, macho yamelowa.

Cleophus alimwona kutoka mbali. Akainuka juu ya tuta, maji yakimchuruzika kwenye suti, akanguruma kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo:

"Hosea! Mtie kwenye ndoo huyo! Unataka kuliua bwawa la baba?"